Nyuzi Mbili za Lulu, Asembo Bay

Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika hadi barabarani. Nguo za mitumba, viatu, masufuria, miche ya miti, kuku waliofungwa miguu. Na katikati ya hayo yote, juu ya turubai la buluu, mafungu ya mikufu myeupe. "Lulu orijino hizo, mama, zimetoka Dubai," kijana mwenye turubai aliniambia, na kwa jinsi alivyosema nilijua anaamini. Nikachukua mkufu mmoja, nikasugua punje mbili, moja juu ya mwenzake. Ziliteleza bila kukwaruzana hata kidogo. Uzito hakuna. Nikaigeuza punje moja juani, nikauona mstari mwembamba unaoizunguka kiunoni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Plastiki iliyopakwa rangi. Nilimwonyesha ule mstari. Akautazama sana, kisha akachukua mkufu wa pili akautafuta mwenyewe, akaupata.

Wengi wanaouza na kununua lulu katika miji yetu hawana nia ya kumdanganya mtu. Hawajaonyeshwa tu, na jambo lenyewe linaweza kuonyeshwa kwa nusu saa, bila mashine, kwa mtu yeyote mwenye macho na kitambaa cheupe. Mimi nilionyeshwa utotoni. Nimekulia Mombasa, na mjomba wangu alikuwa sonara. Lulu hazikuwa nyingi dukani kwake, lakini kila ilipoingia moja sisi watoto tuliitwa. Aliiweka juu ya kitambaa mlangoni, upande wa kivuli, asubuhi kabla jua halijawa kali, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja bei mpaka kila mmoja aseme ameona nini ndani yake.

Ndiyo sababu rafiki yangu wa Kisumu aliponiambia kwamba nyanya yake, huko Asembo Bay, ana mkufu wa lulu wa zamani na anamtaka mtu wa kuukagua, nilikubali papo hapo.

Matatu za Bondo hufuata barabara ya Busia hadi Kisian, kisha hukata kushoto na kuiacha milima nyuma. Unapita Holo, unapita Kombewa, na ziwa linajitokeza na kujificha upande wa kushoto muda wote. Tuliposhuka barabara kuu tulichukua bodaboda. Asembo iko Rarieda, Kaunti ya Siaya. Mwandishi Grace Ogot alizaliwa huku mwaka 1930, na hadithi zake za mwanzo zimejaa upepo na maji ya upande huu. Enzi za meli za shirika la reli, Asembo Bay ilikuwa kituo: reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miongo mingi baadaye meli zilizotoka huko zilizunguka ghuba, Kendu Bay, Homa Bay, na hapa, zikishusha chumvi na vitambaa na kupakia mazao na watu. Siku hizi anayetaka kuvuka kwenda Mbita huendelea mbele hadi Luanda K'Otieno kupanda feri. Asembo Bay imebaki na kazi yake ya zamani kuliko meli zote, uvuvi.

Tulifika mapema, rafiki yangu akataka tupitie ufuoni kwanza, kwa kuwa nyanya yake angekuwa huko. Na ndiko alikokuwa. Ni mwanamke mrefu, amefunga kitambaa cha kichwa cha manjano, na ameanika omena tangu ujana wake. Ukoo mzima humwita Dani, kama Waluo wanavyomwita nyanya, na baada ya salamu nami nikamwita hivyo. "Nyathina," aliniambia, mwanangu, "ngoja nimalize hapa, vito haviozi."

Ilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na hizo ndizo siku za omena. Wavuvi hushuka ziwani jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, leo nyingi ni za sola. Mwanga huwavuta wadudu wa majini, omena huwafuata, na wavu huwazingira wote. Alfajiri mitumbwi inarudi, na wanawake wanangoja na makarai yao. Nilimtazama Dani akinunua. Hakuuliza bei kwanza. Alichota omena kiganjani, akaegemeza kiganja upande wa mwanga, akamgeuza samaki mmoja kwa kidole gumba. Alitazama tumbo kama limepasuka, jicho kama limefifia, na zaidi ya yote alitazama namna mwanga unavyorudi kutoka ubavuni: kama unarudi mkali na wa moja kwa moja, au umetawanyika. Karai la kwanza alilikataa. La pili alilichukua. Omena aliyevuliwa karibu na alfajiri akianikwa siku hiyohiyo kwenye jua zuri hubaki mweupe na mnyoofu. Akinyeshewa hugeuka kahawia na kukatika, na mnunuzi wake anakuwa mtu wa chakula cha kuku.

Walianikwa juu ya nyavu zilizochakaa zilizotandazwa kwenye mchanga, na nyingine zilikuwa vyandarua vya mbu. Hapa Asembo, na Gem jirani, ndipo taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na CDC ya Marekani walipofanya, kuanzia mwaka 1996, ule utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa maisha ya watoto wadogo. Chandarua kilichokwisha dawa na kutoboka kinapata kazi ya pili ufuoni. Nilisaidia kutandaza. Nilipomaliza, viganja vyangu vilikuwa na vumbi la fedha ambalo maji matupu hayakuliondoa.

Vumbi hilo ndilo lililonileta kwenye lulu kabla sijauona mkufu wenyewe. Ni fuwele za guanini, vibapa vidogo mno ambavyo samaki wa rangi ya fedha huvipanga ndani ya ngozi na magamba yake ili kurudisha mwanga na kujificha majini. Katika karne ya 17 fundi wa rozari mjini Paris, aitwaye Jacquin, aliona kwamba maji yaliyooshewa samaki wadogo wa mtoni hubaki yakimetameta. Samaki hao Wafaransa huwaita ablette, nao ni jamaa wa mbali wa omena wetu. Jacquin alikusanya mmeto huo, akautia ndani ya vigololi vya kioo vilivyo wazi ndani, kisha akavijaza nta. Wanawake wa Paris wakavaa lulu ambazo hazikumjua chaza. Baadaye mafundi waligeuza njia: kigololi kizima cha kioo kikachovywa nje katika rangi ya magamba, kikakaushwa, kikasuguliwa, kikachovywa tena, mara nyingi. Kampuni ya Majorica, kisiwani Mallorca nchini Uhispania, imejijengea jina kwa kazi hiyo tangu 1890. Ni samaki wengi mno wanaohitajika kupata chupa moja ya mmeto huo, na ndiyo maana viwanda vya bei rahisi viliuacha vikashika rangi za kutengenezwa na plastiki. Mkufu wa Kibuye ni mjukuu wa mjukuu wa kazi ya Jacquin, na umepoteza karibu kila kitu alichokijua.

Karibu na maji niliokota gamba la kome. Ziwa hili lina kome wake wa maji baridi, wengi wadogo na wenye magamba membamba, na hakuna aliyewahi kujenga biashara ya lulu juu yao. Lakini nilipolifuta mchanga na kuliinamisha, ndani yake palikuwa na rangi: waridi, kijani kibichi, kisha waridi tena, zikihama kila nilipoligeuza. Rangi hizo hazikupakwa. Kome, kama chaza wa baharini, hujenga ukuta wa ndani wa gamba lake kwa vibamba vya chokaa, kila kimoja kikiwa na unene wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na kati ya kibamba na kibamba kuna gundi nyembamba ya protini. Ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri kabla ya kusukumwa. Mwanga ukiingia, sehemu yake hurudi kutoka tabaka la kwanza, sehemu kutoka la pili, sehemu kutoka la kumi, na miale hiyo inapokutana ikitoka ndipo rangi zinapozaliwa. Kitu kigeni kikiingia, au kipande cha nyama ya kome mwingine kikipandikizwa kwa makusudi, kome hukifunika kwa tabaka hizohizo, na hiyo ndiyo lulu. Ubora wake wote unatokana na jinsi tabaka hizo zilivyopangwa: zikiwa sawasawa na nyingi, mwanga hurudi safi. Wafugaji wa Japani huvuna majira ya baridi kwa sababu hiyo, kwani maji ya bahari yakipoa chaza hujenga polepole na tabaka za mwisho hutoka laini zaidi.

Dani alipomaliza tulipanda hadi nyumbani kwake. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na picha ya marehemu mumewe amevaa sare za meli. Alifanya kazi katika meli za reli, na mkufu aliununua kwa sonara wa Kihindi mjini Kisumu miaka ya 1960. Mkaza mwana wa Dani alikuwepo, na jirani wawili waliokuja kusalimia wakakaa. Simu ya rafiki yangu iliegemezwa kwenye birika. Dada yake alikuwa upande wa pili, Doha nchini Qatar, ambako ameajiriwa nyumbani kwa watu, na siku hiyo ilikuwa yake ya mapumziko. Hapo nikajua kwamba mikufu ni miwili. Dada huyo alikuwa amemletea nyanya yake mkufu mwingine likizo iliyopita.

Niliomba kitambaa cheupe kisicho na maua. Ilipatikana foronya. Nikaitandaza kwenye meza ndogo karibu na mlango, ndani ya kivuli lakini penye mwanga wa kutosha, nikailaza mikufu sambamba. Kabla sijagusa, niliwaomba wote waangalie na kusema upi ni lulu. Kila mtu alionyesha ule wa Dani. Punje zake zilikuwa duara kamili, za rangi ya maziwa yenye wekundu kwa mbali, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa katikati bila kosa. Wa Doha ulikuwa mweupe mno, punje zake hazikuwa duara sawasawa, na kadhaa zilikuwa na mikunjo iliyozizunguka. "Ule mwingine ni ushanga tu," alisema mkaza mwana, ingawa ndiye mama wa aliyeuleta, na simu ikanyamaza.

Nilianza na mng'ao, kwa sababu ndiko mjomba alikoanza daima. Usitazame weupe. Tazama kitu kinachojionyesha ndani ya punje: mlango, dirisha, kichwa chako mwenyewe. Katika lulu bora kingo za mlango hukatika wazi, na sehemu ya mwanga na sehemu ya giza zinaachana kwa ukali. Katika lulu dhaifu mlango unakuwa wingu. Kwenye mkufu wa Dani niliuona mlango, hata kizingiti. Kwenye wa Doha niliona doa jeupe tu. Jirani mmoja akasema, basi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu mng'ao hukwambia lulu ni nzuri kiasi gani, wala haukwambii kama ni lulu.

Kwa hilo kuna mkwaruzo. Nilisugua punje mbili za Doha taratibu. Zilikwaruzana kwa usagaji mdogo kama mchanga wa mwisho kabisa, zikaacha vumbi jeupe, nikalifuta kwa kidole na punje zikabaki bila alama. Nikazisugua za Dani, zikateleza. Watu wengi hutumia meno, wakiipitisha punje kwenye ncha ya jino la mbele. Njia hiyo ni sahihi, ila si adabu kuifanya kwa mali ya mtu dukani, na mkono mzito unaweza kuchubua. Punje kwa punje inatosha.

Kisha nikatoa lenzi ya kukuza mara 10, na hapa ndipo ningemshauri kila mnunuzi atumie muda wake mwingi: kwenye tundu. Uso wa mkufu unaweza kufanyiwa mambo mengi, lakini tundu hueleza. Tundu za punje za Doha zilikuwa na kingo kali, na weupe uleule ulioko nje uliendelea hadi ndani bila mpaka. Ndivyo zilivyo lulu nyingi za maji baridi, karibu zote ni tabaka za lulu tupu, kwa sababu zilipandikizwa kipande cha nyama na wala si kiini kigumu. Lulu za baharini za Japani huwa na kiini cha duara kilichochongwa kutoka gamba la kome wa maji baridi wa Marekani, na kwenye tundu lake utaona mstari pale kiini kinapoishia na lulu inapoanza. Mstari ukiwa karibu sana na uso, tabaka ni jembamba: ukiviringisha mkufu punje zinapepesa, mara zinang'aa mara zinazima, na baada ya miaka michache ya jasho kiini kitachungulia. Polynesia ya Ufaransa kwa miaka mingi ilikataza kusafirisha lulu nyeusi za Tahiti zenye tabaka chini ya milimita 0.8, na sheria hiyo ililinda jina lao kuliko tangazo lolote.

Tundu za punje za Dani zilikuwa na ngozi iliyokunjamana kando, kama rangi ya ukuta iliyoanza kubanduka, na chini yake palikuwa na kioo. Punje tatu za nyuma, zinazokaa kisogoni, zilikuwa zimechubuka kabisa kwa jasho. Nilimpa rafiki yangu lenzi, akaona. Nikampa mama yake, akaona, akarudisha bila neno.

Nikasema nilichokuwa nimekiona, kwa sauti ili simu nayo isikie. Mkufu wa Doha ni lulu ya kweli, ya maji baridi, ya daraja la chini: mng'ao hafifu, mikunjo, weupe wa kusafishwa kwa dawa, matundu yaliyotobolewa kando ya katikati, uzi wa nailoni usio na mafundo, kishikizo kinachoanza kutu. Mkufu wa Dani ni kioo kilichochovywa mmeto wa magamba ya samaki, na ni kazi ya daraja la juu: tabaka za rangi zimepakwa kwa subira, punje zimelinganishwa na mtu mwenye jicho, uzi ni wa hariri, kuna fundo kati ya kila punje na punje, na kishikizo ni cha fedha. Mtu akiniuliza upi umetengenezwa vizuri zaidi, nitasema wa kioo. Akiuliza upi ni lulu, nitasema wa Doha. Maswali hayo mawili huchanganywa kila siku madukani, na kwenye mchanganyiko huo ndimo watu wanamopotezea fedha zao.

Dani hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Aliponiletea aliniambia. Yule sonara alimwambia wazi, hii ni kioo na samaki. Lulu za kweli ni za mke wa gavana." Kisha akawageukia watu wake na kusema kwa Dholuo maneno marefu ambayo rafiki yangu alinitafsiria baadaye. Wanawe walikuwa wameanza kunong'onezana kuhusu mkufu huo, nani ataurithi, una thamani ya ng'ombe wangapi. Angesema mwenyewe ni kioo wangedhani anauficha kwa ajili ya mmoja wao. Alimtaka mgeni aje, aseme mbele ya mashahidi, jambo liishe.

Simu ndiyo iliyokuwa na swali. Je, muuzaji wa Doha alimdanganya? Alikuwa amemwambia zimetoka kwenye bahari ya huko. Nikamuuliza alilipa kiasi gani, akataja, nami nikamwambia ukweli: bei hiyo ni ya haki kwa lulu za China. Lulu nyingi za maji baridi zinazouzwa duniani hufugwa huko, hasa Zhuji katika mkoa wa Zhejiang, ambako kome mmoja anaweza kubeba lulu zaidi ya 30 kwa pamoja. Fedha yake haikupotea. Kilichoongezwa ni hadithi tu, na lulu za asili za Ghuba ya Uajemi haziuzwi kwa bei ya hadithi. Kuzitambua kunahitaji eksirei inayoonyesha jinsi tabaka zilivyokua kutoka katikati, kazi ambayo Bahrain imeijengea taasisi maalumu, na nchi hiyo imepiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa ili kulinda jina la zake.

Lakini sikutaka aishie hapo, kwa sababu lulu za Ghuba zina deni kwa watu wa upande wetu. Karne ya 19 Ulaya na Marekani zilizidi kuzitamani, mashua za kuzamia zikahitaji mikono, na maelfu ya watu waliotekwa bara na kusafirishwa kupitia pwani ya Afrika Mashariki waliishia kuwa wazamiaji huko. Walishuka na jiwe mguuni na kibano puani, kiangazi kizima, mara nyingi kwa siku. Biashara hiyo ilivunjwa na lulu za kufugwa za Kokichi Mikimoto wa Japani, aliyepata nusu-lulu yake ya kwanza mwaka 1893, na mdororo wa uchumi wa dunia uliofuata 1929 ukaimaliza. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952 tu. Mjini Doha kuna jumba la makumbusho, Bin Jelmood House, lililofunguliwa 2015, linaloeleza habari hizo bila kuficha. Nilimwomba aende siku nyingine ya mapumziko. Akasema atakwenda na wenzake wa Kisii na Mumias.

Akauliza tena kama kuna lulu za kwetu, za Afrika Mashariki, ambazo mtu anaweza kununua akijua zilikotoka. Zipo. Unguja, vijiji vya Bweleo na Fumba kwenye ghuba ya Menai, wanawake walianza katikati ya miaka ya 2000 kufuga nusu-lulu kwa msaada wa wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Hubandika kiini cha nusu duara ndani ya gamba la chaza, humrudisha baharini miezi kadhaa, kisha hukata kile kilichofunikwa na kukifanya kidani au herini. Kwa nusu-lulu kagua mambo mawili: kama tabaka limefunika hadi ukingoni, na kama mgongo wake umezibwa vizuri kwa gamba, kwani maji yakiingia nyuma itaoza kutoka ndani.

Tulikula. Omena wa kukaanga na nyanya, ugali wa mtama, mboga ya osuga. Mkaza mwana alikuwa ameuvaa mkufu wa Doha tangu nilipomaliza maelezo, na alipokuwa akinawa nilimwona ameusogeza mbali na maji ya limau. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba lulu ni chokaa na tindikali huila. Manukato nayo huidhuru, na jasho vilevile. Lulu huvaliwa mwisho, baada ya mafuta na marashi, na huvuliwa kwanza, ikafutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu. Haifungiwi kwenye mfuko wa plastiki. Mkufu wa kioo hutunzwa hivyohivyo, kwa sababu ngozi yake ni dhaifu zaidi.

Dani alinikabidhi mikufu yote miwili niipeleke kwa fundi Kisumu. Nilimpata sonara kwenye kichochoro karibu na Oginga Odinga Street, mtu asiyependa maneno, ambaye alikata nyuzi zote mbili mbele yangu na kuzipanga punje kwenye ubao wenye mifereji. Punje mbili za Doha zilikuwa na ufa kwenye tundu, akazitenga. Kwa zile tatu za kioo zilizochubuka alipendekeza kuweka za plastiki zinazofanana. Nilimpigia simu Dani. Akakataa plastiki: mkufu ufupishwe, punje tatu zirudishwe kwenye bahasha. Na za Doha zifungwe kwa hariri, fundo baada ya kila punje, ili uzi ukikatika sokoni ipotee moja na si zote. Zile mbili zenye ufa nazo zirudi.

Fundi hutoza kwa kila fundo, tukakubaliana. Akachukua bahasha mbili na kalamu, akauliza aandike nini. Ya kwanza nikamwambia jina la mjukuu, na chini yake "lulu ya maji baridi, China". Ya pili, "Dani, Asembo Bay: kioo na magamba ya samaki, mafundo ya hariri, kishikizo cha fedha". Alisita kidogo kwenye ile ya pili, akaniuliza kama kweli mwenyewe anataka iandikwe hivyo. Nikamwambia ndiyo, na mwenyewe ndiye aliyejua kwanza. Akaiandika kwa herufi kubwa, akasema nirudi Alhamisi.